LORI LIKIVUNJA NYUMBA, MSIMTAZAME DEREVA PEKE YAKE

Ndugu Wafanyi Kazi,

Jioni ya Ijumaa tarehe 30 Juni 2023, lori lililobeba kontena lilishuka kwenye njia panda ya Londiani, katika barabara kuu inayotoka Nakuru kwenda Kericho. Halikusimama. Lilipiga matatu zilizokuwa zikingoja abiria, likapiga pikipiki za bodaboda, likaingia katikati ya watu waliokuwa wakiuza na kununua kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walikufa. Wengi wao hawakuwa wamepanda motokaa yo yote. Walikuwa wamesimama kwa miguu yao mahali wanapopata mkate wa watoto.

Baada ya msiba ule yalisemwa maneno mengi, na wakubwa walikuja na magari yao kutazama. Maneno yakaisha kwa mambo mawili tu. La kwanza, dereva ana makosa. La pili, wauzaji walikaa karibu mno na barabara, basi masoko yaondolewe. Halafu wakubwa wakarudi Nairobi.

Sisi katika chama hiki tunao wanachama wa pande zote mbili. Tunao madereva na mataniboi wanaoendesha malori hayo, na wake zao ndio wanaouza nyanya na mahindi kando ya barabara hizo hizo. Mara nyingi ni nyumba moja: baba yumo ndani ya lori, mama yumo mbele ya lori. Kwa hiyo hatuwezi kukubali hesabu ya wakubwa, inayowahukumu baba na mama, na kumwacha mwenye lori na mwenye barabara wanywe chai yao.

BAHATI SI BREKI

Tuwaeleze jambo lililotokea katika tawi letu. Hatutataja jina la mwanachama wala la kampani, maana shauri hilo bado liko mikononi mwetu.

Mwanachama wetu alipewa lori alfajiri apeleke mzigo magharibi. Alipokanyaga breki uwanjani akaona zinashika upande mmoja, na upepo wa breki unavuja. Akamwambia msimamizi: "Bwana, lori hili halifai kwenda mteremkoni, mwite makanika." Msimamizi akajibu kwamba makanika hayuko na mzigo unangojwa. Mwanachama wetu akakataa. Akaambiwa: "Weka ufunguo hapo mezani. Langoni kuna watu 20 wanaoutaka ufunguo huu." Siku ile ile akafutwa kazi.

Ufunguo ule alipewa mtu mwingine, tena kijana mwenye watoto wawili wadogo. Akaenda. Na lori lilifika salama.

Ndugu, hapo ndipo penye taabu. Mwanachama wetu alipokuja kudai haki yake, yule msimamizi alicheka, akasema: "Mbona lilifika?" Na wafanyi kazi wengine pia walicheka, wakisema fulani ni mwoga, amejipotezea unga wake bure.

Sisi twasema, bahati si breki. Lori bovu litafika mara moja, litafika mara kumi, litafika mara hamsini. Kila linapofika, msimamizi huongeza kiburi na makanika huondolewa kazini kwa kuwa haonekani kuwa na kazi. Halafu siku moja halifiki. Siku hiyo hakuna anayeuliza kuhusu zile mara hamsini. Huulizwa juu ya dereva tu: Je, alikuwa amelala? Alikuwa amelewa? Na ikiwa amekufa, ni rahisi zaidi, maana maiti hajibu.

UZITO NA MTEREMKO

Labda mwanachama asiye dereva atauliza: Kwa nini lori moja liue watu wengi hivyo? Kwa nini nyumba ya mawe ivunjike kama kibanda?

Sheria ya Afrika ya Mashariki ya kupima mizigo inaruhusu lori kubwa lenye ekseli za kutosha kufika tani 56 pamoja na mzigo wake. Motokaa ndogo ya bwana ina uzito wa tani moja au moja na nusu. Basi lori moja lililojaa ni kama motokaa ndogo arobaini zilizofungwa pamoja na kuachiliwa kwa mara moja. Na mwendo nao una hesabu yake. Mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu ya pigo haiongezwi mara mbili, huongezwa mara nne. Lori la kilomita 80 kwa saa hupiga kwa nguvu mara nne kuliko lori hilo hilo likienda kilomita 40. Hakuna ukuta wa duka, wala mlango wa kanisa, wala mti wa kando ya barabara uliojengwa kwa kungoja pigo kama hilo. Nyumba ya mabati na mbao ndiyo kabisa, ni kama karatasi.

Na breki nazo ni chuma na si miujiza. Zinasimamisha gurudumu kwa kusugua, na kusugua huleta moto. Katika mteremko mrefu, dereva akikanyaga breki mfululizo, zinashika moto mpaka zinapoteza nguvu. Hapo anakanyaga na hakuna kitu. Ndiyo sababu dereva aliyefundishwa vizuri huingia gia nzito kabla ya kuanza kushuka, ili injini ndiyo ilizuie lori, na breki zibaki baridi kwa wakati wa haja.

Sasa tazameni ramani ya nchi yetu. Mizigo yatoka Mombasa pwani, yapanda nchi ya juu, yateremka Bonde la Ufa, yapanda tena, halafu yateremka kuelekea ziwani na Uganda. Katika miteremko hiyo vijiji vimekua kando ya barabara, na njia panda zimekuwa miji. Kila breki iliyochoka inakutana na nyumba za watu mahali pale pale ambapo dereva hana tena njia ya kuchagua.

SAA NANE ZA SHERIA NA SAA ISHIRINI ZA TAJIRI

Sheria ya trafiki ya Kenya, ilivyobadilishwa mwaka 2012, inakataza mtu kuendesha gari la biashara au la abiria zaidi ya saa 8 katika saa 24. Hiyo ni sheria nzuri, na tunaishukuru. Lakini nani anaijua? Waulizeni madereva wenzenu.

Tufanye hesabu. Kutoka Mombasa mpaka mpaka wa Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Dereva akienda kilomita 60 kila saa bila kusimama hata kunywa maji, saa 8 zitamfikisha kilomita 480, ndiyo kusema amefika Nairobi tu. Hapo sheria yamwambia alale. Lakini tajiri hamlipi kulala. Wengi wetu mshahara wa mwezi ni mdogo, na kinachojaza sufuria ni posho ya safari. Safari nyingi, ugali mwingi. Safari chache, watoto warudishwe kutoka shule. Basi dereva anakula mairungi ili asisinzie, anapita Nairobi, anapita Nakuru, na usiku wa pili anaingia mteremko akiwa macho yamefunguka na akili imelala.

Tajiri atasema: "Mimi sikumlazimisha." Ni kweli, hakumshikia bunduki. Alimshikia sufuria tupu. Kwa mtu mwenye watoto hivyo viwili havina tofauti kubwa.

MAKOSA YETU WENYEWE

Ndugu madereva, msifikiri gazeti hili ni la kuwasifu tu. Chama kinachoficha makosa ya wanachama wake ni kama daktari anayeficha kidonda kwa nguo.

Wako kati yetu wanaotoa gia mteremkoni na kuliacha lori litelemke nyutro, ili wabakishe dizeli na kuiuza kwa vibuyu kando ya barabara. Jambo hili lajulikana tangu Salgaa hadi Mai Mahiu, na watu wamelifia. Tunawaambia waziwazi: huo ni uuaji. Lori likiwa nyutro injini hailizuii tena, kazi yote imeachiwa breki, na breki zile zile ndizo mnazojua kwamba tajiri hazitengenezi. Tena faida yenyewe ni ndogo kuliko mnavyodhani. Lori likiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta, injini ya dizeli huzungushwa na magurudumu yenyewe na karibu hainywi kitu. Likiwa nyutro lazima inywe ili isizime. Mnauza roho za watu kwa vikombe vichache vya dizeli.

Lakini tukiisha kusema hayo, tunamgeukia tajiri pia. Kwa nini mtu mzima aibe dizeli lita chache usiku kwenye baridi? Mtu anayelipwa vizuri haoni faida ya wizi kama huo. Anayemlipa dereva wake mshahara wa njaa amekwisha kununua wizi, na mteremkoni atauona.

MAMA ALIYE MBELE YA LORI

Sasa tuje kwa wauzaji. Waliambiwa: "Nyinyi mmekaa katika ardhi ya barabara, ondokeni." Sisi hatusemi kwamba kukaa hatua tatu kutoka lami ni vizuri. Si vizuri hata kidogo. Lakini tunauliza, kwa nini mama yule yuko pale?

Yuko pale kwa sababu mnunuzi yuko pale. Matatu inasimama pale, lori linasimama pale, mtu anashuka na shilingi zake pale. Soko likijengwa kilomita mbili ndani, nyuma ya mji, bila kituo cha matatu, bila choo, bila maji, bila taa, mama atakaa huko siku tatu nyanya zake zioze, na siku ya nne atarudi barabarani. Huo si ukaidi wake. Anahesabu shilingi kama tajiri anavyohesabu.

Tena kila asubuhi watu wa kaunti wanakuja na vitabu vya risiti kutoza ushuru kando ya barabara. Wanamwona mama yule, wanajua jina lake, wanapokea pesa yake. Siku ya kutoza yeye ni mfanyi biashara. Siku ya kufa yeye ni mvamizi wa barabara. Je, hii ni haki? Aliyepokea ushuru wa mahali fulani amekubali kwamba mtu akae pale, naye ana deni la usalama wake.

Na wale wenye nyumba? Wengine walijenga wakati barabara ilikuwa ya vumbi na malori matano kwa siku. Barabara ikapanuliwa, lami ikawekwa, mwendo ukazidi, na ukuta wa kulinda haukujengwa. Nyumba haikuifuata barabara. Barabara ndiyo iliyoifuata nyumba.

NANI ATALIPA?

Jambo hili wengi hawalijui, kwa hiyo tulieleze polepole.

Mfanyi kazi aliyeandikwa, akifa kazini, sheria ya mwaka 2007 ya kulipa walioumia kazini yasema warithi wake walipwe mshahara wa miezi 96. Hiyo ni haki ya dereva na ya taniboi, na mkidhulumiwa leteni habari ofisini. Lakini mama muuzaji hana tajiri, basi sheria hiyo haimjui.

Yeye anaachiwa bima ya gari. Sheria ya bima yamlazimisha kila mwenye gari awe na bima kwa ajili ya watu atakaowaua au kuwaumiza, na mwisho wa bima hiyo ni shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Msidhani pesa hizo huletwa nyumbani kwa bahasha. Lazima kesi, lazima wakili, lazima karatasi za polisi na za hospitali, na miaka inapita.

Na nyumba iliyovunjwa? Sheria hiyo yalazimisha bima ya kifo na ya kuumia mwili tu. Ukuta, paa, kitanda, cherehani, gunia la maharagwe, hayo hayamo. Ikiwa mwenye lori kwa hiari yake alinunua bima inayogusa mali za watu, ni heri. Ikiwa hakununua, mwenye nyumba amfuate kortini yeye mwenyewe, naye huenda lori hilo bovu ndilo mali yake yote. Mtu amejenga miaka 15 kwa jasho, nyumba imekwenda kwa dakika moja, na serikali haikuona haja ya kulazimisha bima ya matofali yake.

INAWEZEKANA

Wako watakaosema: "Ajali ni kazi ya Mungu." Ndugu, tusimsingizie Mungu. Tarehe 31 Desemba 2017, karibu na Migaa, katika barabara ile ile ya Salgaa iliyokwisha kuua watu miaka mingi, basi na lori viligongana, na watu zaidi ya 30 wakakufa katika ajali hiyo moja. Kelele zikawa kubwa mno. Baada ya hapo serikali ikajenga ukuta wa zege katikati ya barabara, ili gari linaloshuka lisiingie njia ya linalopanda. Milima ni ile ile, madereva ni wale wale, Mungu ni yule yule. Kilichobadilika ni zege na saruji. Basi kumbe jambo hili latengenezeka, na waliokufa kabla ya ukuta walikufa kwa kukosa ukuta.

Na reli je? Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, nayo ilipita Londiani yenyewe. Zaidi ya miaka 120 baadaye, kontena linateremka Londiani juu ya matairi, katikati ya mama na watoto. Kila kontena linalopanda treni ni lori moja lililopungua mbele ya nyumba za watu.

TUNAYOYADAI

Kwa hiyo chama chenu kinadai haya:

1. Posho ya safari iingizwe katika mshahara wa mwezi, ili dereva asilipwe kwa kukosa usingizi.

2. Sheria ya saa 8 ifuatwe, na ikivunjwa ashtakiwe aliyepanga safari kabla ya aliyeendesha. Safari ndefu ziwe na madereva wawili.

3. Kila lori likaguliwe breki kabla ya kutoka, na makanika aandike jina lake na saa katika kitabu. Kitabu hicho dereva na mwakilishi wa chama waruhusiwe kukisoma.

4. Mamlaka ya barabara kuu ijenge kuta za zege mbele ya masoko na nyumba zilizo chini ya miteremko, na katika miteremko mirefu ijenge njia za kando zenye kokoto nyingi zinazopanda mlima, ili lori lisilo na breki lipate mahali pa kufa peke yake.

5. Kaunti zijenge masoko karibu na vituo vya matatu, lakini nyuma ya ukuta na mbali na lami. Mama asifukuzwe kabla soko halijawa tayari. Ushuru aliolipa miaka yote ndio utakaojenga.

6. Sheria ya bima ilazimishe pia malipo ya nyumba na mali za watu zinazovunjwa na magari ya biashara.

7. Ndugu yetu aliyefutwa kwa kukataa lori bovu arudishwe kazini na alipwe siku zake zote.

KAZI YA KILA MWANACHAMA

Madai hayatoshi. Karatasi haisimamishi lori.

Jueni kwamba sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyi kazi amwarifu mkubwa wake akiona hatari kubwa, na yamkataza tajiri kumrudisha mtu mahali pa hatari kabla hatari haijaondolewa. Ndugu yetu hakuvunja sheria alipokataa. Aliyevunja sheria ni aliyemfuta. Basi ukiona breki mbovu, sema mbele ya shahidi, andika tarehe na namba ya gari, na ulete karatasi kwa mwakilishi wako siku ile ile.

Lakini neno kubwa ni hili. Yule msimamizi hakuwa na nguvu peke yake. Nguvu yake ilikuwa wale watu 20 waliosimama langoni. Kama kila mmoja wa wale 20 angeuliza, "Kwa nini mwenzangu ameukataa ufunguo huu?" lori lile lingebaki uwanjani mpaka makanika aje. Siku tutakapokataa wote ufunguo uliokataliwa na mmoja, siku hiyo breki zitatengenezwa bila korti wala waziri.

Yule kijana aliyeuchukua ufunguo hatumlaumu. Amekuja ofisini wiki iliyopita akalipa kiingilio, akasema katika mteremko ule alikuwa akihesabu vibanda vya kando ya barabara kimoja kimoja, na alipofika chini mikono yake haikuweza kuachia usukani. Anatuomba tumsamehe. Tumemwambia akamwombe mwenzake, na wamekwisha kupeana mikono.

Mkutano wa tawi ni Jumapili saa nne asubuhi. Madereva, mataniboi, makanika, njoni. Na kila mtu amlete mama wa nyumbani, maana jambo hili ni lake pia.

UMOJA NI NGUVU.

Ni sisi wenzenu katika kazi,
Halmashauri ya Tawi